Shemeji hataki kazi, anasema Bwana yu karibu: nimnyime chakula?

Pole dada. Miezi minane shemeji yuko kwako hapo Dodoma, kutwa maombi, ukimgusia kazi anakujibu Bwana yu karibu. Hata Thesalonike walikuwepo wa namna hiyo. Paulo, naye fundi mahema, aliwaandikia kwamba asiyetaka kufanya kazi asile (2 Wathesalonike 3:10). Ila soma taratibu: asiyetaka, si asiyepata. Kwa hiyo usianze na sufuria.

Kwangu alikuwa mdogo wangu. Nilimkalisha chini pamoja na mchungaji, tukampa mwezi mmoja na pa kuanzia: kibarua cha kuvuna zabibu Mpunguzi. Alinuna wiki nzima, halafu akaenda. (Kwenye ibada ya jioni hakukosa hata siku moja, kumbe inawezekana!)

Wewe mwache mumeo aseme kwanza. Ukitangulia wewe, ukweni watasema umemfukuza ndugu yao, na hapo amani kwisha.

Lakini kama halali usiku, anasikia sauti, au alibadilika ghafla, huo si uvivu. Mpelekeni Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili hapo Dodoma, na maombi yaendelee.