Retinali ni moja, rangi zinatoka wapi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma biolojia, mwaka wa pili chuoni. Tumefundishwa kwamba kinachonasa mwanga jichoni ni retinali, itokanayo na vitamini A, na kwamba seli zote za kuonea hutumia retinali hiyohiyo. Sasa kama molekuli ni moja, nyekundu na kijani tunazitofautishaje? Au protini ina kazi nyingine zaidi ya kuishikilia?

JIBU: Marahaba. Umegusa sehemu ninayoipenda kuliko zote katika somo hili. Protini hiyo, opsini, inaishikilia retinali, lakini namna inavyoishikilia ndiyo inayoamua rangi.

Retinali ikiwa peke yake hunyonya zaidi mwanga wa nanomita 380 hivi, karibu na urujuanimno. Iweke ndani ya rodopsini, ile ya seli fimbo tunazotumia gizani, nayo itanyonya zaidi kwenye nanomita 500. Mnyororo wake wa kaboni ni uleule. Majirani ndio waliobadilika.

Opsini hupita kwenye utando wa seli mara saba na kuacha uwazi katikati. Retinali hukaa humo, imefungwa kwenye asidi amino (moja ya vipande vinavyojenga protini) iitwayo lisini, na kifundo hicho hubeba chaji chanya. Chaji ikisambaa kwenye mnyororo wa retinali, elektroni huhitaji nishati ndogo kuruka ngazi ya juu, kwa hiyo mwanga unaonyonywa husogea upande wa nyekundu. Ikibanwa pale kwenye kifundo, husogea upande wa buluu. Katika rodopsini, asidi amino ya 113, glutamati yenye chaji hasi, iko karibu na kifundo na inafanya kazi hiyo ya kubana.

Sasa turudi kwenye nyekundu na kijani. Opsini zake mbili zina asidi amino 364 kila moja, na zinatofautiana katika nafasi 15 hivi tu. Moja hunyonya zaidi kwenye nanomita 560, nyingine 530. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo hutokana na nafasi tatu: 180, 277 na 285. Kwenye ile ya nyekundu, nafasi hizo zina serini, tirosini na threonini, zote zenye kikundi cha oksijeni na hidrojeni; kwenye ile ya kijani kuna alanini, fenilalanini na alanini, zisizo nacho. Mimi hushangaa kila ninapolifundisha hili: oksijeni tatu, zikikaa mahali pake, zinatosha kutenganisha rangi mbili. Tena kuna watu wenye macho mazima ambao opsini yao ya nyekundu ina alanini kwenye nafasi ya 180, na wakichanganya nyekundu na kijani kupata manjano fulani, vipimo vyao havilingani na vya wenzao.

Jeni za opsini hizi mbili zimepangana kwenye kromosomu X na zinafanana mno, hivyo hukosea kubadilishana vipande, na kosa hilo huweza kuleta upofu wa rangi. Mwanamume ana X moja tu, ndiyo maana upofu huo humpata zaidi.

Jambo moja usilisahau kwenye mtihani: seli moja ya koni, yaani zile seli za kuonea rangi zenye opsini hizi, haijui rangi. Fotoni, yaani chembe ya mwanga, ikishanaswa, retinali hunyooka kutoka umbo lililopinda liitwalo 11-sisi, opsini huamka, na ishara huwa ileile, iwe fotoni ilikuwa ya kijani au ya nyekundu. Rangi hupatikana pale mfumo wa neva unapolinganisha koni za aina tofauti.

Na hilo la "retinali hiyohiyo" ni kweli kwetu sisi, si kwa wote wenye uti wa mgongo. Samaki wengi wa maji baridi hutumia retinali ya vitamini A2, yenye kifungo maradufu cha ziada, na opsini ileile ikiibeba hiyo husogea upande wa nyekundu. Viluwiluwi vya aina fulani za chura huanza maisha na A2, kisha wakati wa kugeuka chura huhamia A1, ile tunayotumia sisi.