ULIZA MWALIMU: Mfalme wa mashati mawili

*Mwalimu, shikamoo. Nauza mitumba soko la Memorial, hapa Moshi. Kwenye belo la mashuka nilikuta kitambaa cha kufutia vyombo, kimechapwa picha za wafalme na malkia wa Uingereza pamoja na miaka yao. Kinasema Charles wa Kwanza alitawala 1625 hadi 1649. Binti yangu wa kidato cha tano akanionyesha kwenye simu picha ya hati ya kumuua mfalme huyo, na hati inasema Januari 1648. Shemeji yangu anashikilia kwamba kitambaa kimekosea. Tumewekeana supu na chapati mbili. Nani analipa? – Muuza mitumba, Moshi*

Marahaba, mwanangu. Analipa shemeji. Ila msimcheke sana, maana hati nayo haikukosea.

Charles alikatwa kichwa kwa shoka Januari 30, London, nje ya jumba la Whitehall. Hati ya kifo ina sahihi na mihuri ya watu 59, na tarehe yake ni Januari 29, 1648. Sisi leo tunauita mwaka huo 1649. Siri ni kwamba Waingereza wa wakati ule walibadilisha mwaka Machi 25, sikukuu ya Bikira Maria Kupashwa Habari, ambayo Wakatoliki wa Kibosho na Kilema hawahitaji kufundishwa na mimi. Kwa hiyo Desemba 1648 ikipita, inakuja Januari 1648, kisha Februari 1648, mpaka ufike mwisho wa Machi ndipo 1649 ianze. Karani aliyeandika hati aliandika sawa kabisa kwa hesabu ya ofisi yake. Aliyechapa kitambaa kageuza tarehe ili wewe na mimi tuelewe.

Kwa kuwa biashara yako ni nguo, nikuongezee. Asubuhi hiyo ilikuwa baridi kali, na Charles aliomba avalishwe mashati mawili. Alihofia kwamba akitetemeka kwa baridi, umati utasema anatetemeka kwa woga.

Mkasa wa kalenda ninaoupenda zaidi ni wa Elizabeth wa Kwanza. Alifariki alfajiri ya Machi 24, kwenye kasri la Richmond. Angalia tarehe: Machi 24! Siku ya mwisho kabisa ya mwaka wa Kiingereza. Nyumbani kwake ulikuwa bado 1602. Lakini Uskoti walikuwa wameshahamia Januari mosi tangu 1600, kwa hiyo kule alikokuwa mrithi wake, Mfalme James, ilikuwa 1603. Mtu mmoja wa ikulu, Robert Carey, akapanda farasi kupeleka habari Edinburgh, kama kilomita 640, mbali kuliko Moshi hadi Dar es Salaam. Njiani akaanguka, farasi akampiga teke la kichwa. Alifika Jumamosi usiku, siku ya tatu, damu zikiwa bado usoni, mfalme keshalala, ikabidi aamshwe. Basi mtu huyu aliondoka 1602 akafika 1603, na safari yenyewe ilikuwa ya siku tatu.

Waingereza waliacha hesabu hiyo 1752. Mwaka huo huo walifuta siku 11 ili waifuate kalenda ya Papa Gregory, waliyoikataa tangu 1582 kwa kuwa ilitoka Roma: Jumatano ilikuwa Septemba 2, kesho yake Alhamisi Septemba 14. Mabaki ya Machi 25 bado yapo. Sogeza mbele siku hizo 11, halafu moja waliyoiongeza 1800, unaipata Aprili 6, na mpaka leo mwaka wao wa kodi huanzia hapo.

Nisingewasema sana. Kitambulisho cha marehemu mama yangu kilisema amezaliwa Julai 1. Yeye alisema amezaliwa watu wakichuma kahawa. Karani hakuwa na kisanduku cha kahawa kwenye fomu, akajaza anachojua.

Picha ya kitambaa uliyonitumia nimeikuza. Doa la chai limemfunika Richard wa Tatu, na miaka yake haisomeki: ni 1483 hadi 1485. Aliuawa vitani Bosworth, Agosti 22, 1485, na mifupa yake ikaja kuchimbuliwa 2012 chini ya maegesho ya magari mjini Leicester. Aliyemshinda, Henry wa Saba, alifanya ujanja ambao ningemsimamisha mwanafunzi kona kwa kuufanya: alitangaza kwamba utawala wake ulianza Agosti 21, siku moja kabla ya vita. Kwa hiyo waliompigania Richard, mfalme wao halali asubuhi ile, wakageuka wasaliti kwa kalamu tu, na mali zao zikawa halali kuchukuliwa. Kosa la makarani wa Charles ni desturi. Hili la Henry ni wizi.

*Mwalimu, mjukuu wangu kazaliwa Februari 11. Watu wananitajia kutoka gerezani kwa Mandela, 1990. Kwa hao wafalme wako siku hiyo kuna nini? – Bibi wa Ngarenaro, Arusha*

Shikamoo bibi, kama umenizidi. Kama hujanizidi, tusameheane.

Yupo mtu wako, na ni mke wa huyo huyo Henry. Elizabeth wa York alizaliwa Februari 11, 1466, akafariki Februari 11, 1503, siku aliyotimiza miaka 37. Mwaka uliotangulia, mwezi Aprili, alimzika mwanawe mkubwa, Arthur, mwenye miaka 15. Alibaki mtoto mmoja tu wa kiume, na yeye akamwambia mumewe kwamba bado wao ni vijana, watapata wengine. Akashika mimba. Februari 2 alijifungua mtoto wa kike ndani ya Mnara wa London, na siku tisa baadaye akafa. Kichanga nacho hakikukaa. Henry, mtu aliyejulikana kwa kubana hela, alimfanyia mazishi ya gharama, akajifungia asionane na watu.

Hesabu naye: binti wa mfalme, dada wa mfalme, mpwa wa mfalme, mke wa mfalme, mama wa mfalme. Nimekipitia kitambaa cha yule kijana wa Memorial kutoka juu hadi chini na hayumo, kwa sababu kinaweka waliokalia kiti wenyewe tu.

Na wewe wa Memorial, kama hujakiuza, niwekee. Doa lisikusumbue.