Mtaro Uliofukiwa Vibaya: Maswali Sita ya Wasomaji

Tangu nilipogusia katika safu hii mitaro ya mabomba na nyaya inayokatwa barabarani kisha ikaachwa ititie, barua za wasomaji zimekuwa nyingi kuliko nilivyotarajia. Nimechagua sita, nikazifupisha bila kugeuza maana.

Mbele ya duka langu walikata lami wakapitisha bomba la maji, wakafukia na kuweka lami mpya siku hiyo hiyo. Haikutimia miezi mitatu pakabonyea, na sasa bajaji zote zinapakwepa. Je, waliweka lami mbovu? (Msomaji wa Magomeni, Mtwara)

Huenda lami unayoilaumu ilikuwa nzuri tu. Udongo ukichimbwa huvimba, kwa sababu chembe zake huachana na hewa huingia katikati. Ukirudishwa kwa koleo hadi juu kwa mkupuo mmoja, hewa ile hubaki humo, na baadaye magurudumu na mvua hufanya kazi ambayo mafundi hawakuifanya. Chukua mtaro wa kina cha mita 1: udongo wake ukishuka kwa sehemu moja tu ya kumi, juu patabonyea sentimita 10, na lami haina uwezo wa kuning'inia juu ya pengo.

Mtaani kwangu niliwahi kusimama ukingoni mwa mtaro wa namna hiyo. Vibarua wawili, mmoja amevaa kandambili, walipanda juu ya udongo uliojazwa hadi juu wakaukanyaga wakienda na kurudi, na msimamizi wao akatamka kwamba kazi imekwisha. Miguu ya mtu hushindilia juu juu tu, na chini ya hapo udongo hubaki kama ulivyotoka kwenye koleo.

Inavyotakiwa ni hivi. Bomba hulazwa juu ya mchanga uliosawazishwa, kisha hufunikwa kwa mchanga usio na mawe hadi sentimita 30 hivi juu ya mgongo wake, ukishindiliwa kwa mkono pande zote mbili, maana mashine ikipita mapema bomba la plastiki huweza kupinda au kupasuka. Kuanzia hapo udongo hurudishwa kwa matabaka ya sentimita 15 hivi, na kila tabaka hushindiliwa kwa mashine kabla ya lile la juu yake kumwagwa. Mwisho hufuata kifusi cha tabaka la msingi, ambacho hakipaswi kuwa duni kuliko kile kilichokatwa, na ndipo lami. Kipimo chake kinajulikana: maabara hutafuta uzito wa juu, kwa kila mita ya ujazo, ambao udongo huo unaweza kuufikia ukishindiliwa, kwa njia iliyobuniwa na mhandisi wa Marekani, Ralph Proctor, mwaka 1933, na masharti mengi ya kazi hutaka udongo wa mtaro ufikie angalau asilimia 95 ya uzito huo, na matabaka ya juu zaidi ya hapo.

Fundi wetu alijaza mchanga, akafungulia mpira wa maji, akasema maji yatashindilia yenyewe. Alikuwa sahihi? (Msomaji wa Chuno, Mtwara)

Alikuwa na nusu ya ukweli. Mchanga safi kama ule unaopatikana karibu na pwani yetu hushuka kweli ukimwagiwa maji mengi, ila haufikii mshindilio unaoweza kubeba lori. Unahitaji bado mashine ya bamba inayotetemesha. Aidha, bomba tupu la plastiki huweza kuelea mtaro ukijaa maji, likaacha mteremko wake.

Kwa udongo wenye mfinyanzi, njia hiyo ni kosa tupu: maji hunaswa ndani, udongo hugeuka tope, na hakuna mashine inayoweza kulishindilia tope. Udongo wa aina hiyo unataka unyevu wa kiasi. Ufinyange kiganjani: ukishikamana bila kutoa maji wala kukuchafua mkono kwa tope, uko tayari, ukimomonyoka, unyunyizie kidogo, ukitiririsha maji, uanike.

Huku kwetu chini ni mawe ya matumbawe. Waliyoyatoa ndiyo waliyoyarudisha, mengine makubwa kama kichwa cha mtu. Kuna ubaya? (Msomaji wa Mikindani)

Upo, tena wa aina mbili. Jiwe lenye makali likiegemea bomba hulisugua kila gari linapopita, hadi bomba litoboke, na uvujaji wake hubeba mchanga chembe kwa chembe hadi barabara itumbukie siku ambayo hakuna aliyeitarajia. Pili, kati ya mawe makubwa hubaki mapango ambayo mashine haiyafikii, na baadaye udongo wa juu huporomokea humo. Mawe hayo yakivunjwavunjwa na kuchanganywa na udongo laini yanaweza kutumika matabaka ya juu, mbali na bomba. Penye bomba la gesi asilia ningekuwa mkali zaidi: mchanga uliochekechwa kulizunguka, na utepe wa tahadhari juu yake ili mchimbaji wa kesho auone kabla ya kulifikia bomba.

Kwa nini huacha tuta juu ya mtaro? (Msomaji wa Ligula, Mtwara)

Kwa sababu wanajua kwamba hawakushindilia. Tuta ni fundi anayekiri kosa mapema na kuliachia gari lako limalizie kazi. Katika shamba au uwanja usiopitiwa na magari linavumilika, barabarani halikubaliki.

Nimemwona mkandarasi amefukia mtaro vizuri, halafu akarudi kukata lami nzima pembeni, pana kuliko mtaro wenyewe. Si anaongeza gharama bure? (Msomaji wa Lindi Mjini)

Huyo anajua kazi yake. Kingo za mtaro hulegea wakati wa kuchimba, na lami iliyo juu ya kingo hizo huwa imekwisha kupoteza mhimili ingawa kwa macho inaonekana nzima. Akikata sentimita 30 hivi zaidi kila upande, kwa msumeno na kwa mstari ulionyooka, lami mpya hukalia udongo ambao haujaguswa na kuuvuka mtaro kama ubao juu ya shimo. Aangalie pia maungio yapakwe lami ya maji, kwani ufa mdogo wa pembeni ndio mlango wa mvua.

Ni nani wa kuulizwa mtaro ukititia, na mwananchi asiye na maabara atajuaje kwamba kazi ni mbovu? (Msomaji wa Shangani, Mtwara)

Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, iliyoanza kazi mwaka 2017, na barabara kuu pamoja na za mikoa ziko chini ya TANROADS, yaani Wakala wa Barabara Tanzania. Anayetaka kukata barabara huomba kibali kwa mwenye barabara hiyo, kwa hiyo malalamiko yaanzie hapo, kwa maandishi, pamoja na picha zenye tarehe. Uingereza, kwa utaratibu uliojengwa juu ya sheria yao ya mwaka 1991, aliyechimba hudhamini marejesho yake kwa miaka 2, au 3 kama bomba lake limezikwa kwa kina kirefu. Mimi ningependa kila kibali cha kwetu kiandike muda wa namna hiyo kwa tarakimu, kwa sababu dosari ya mtaro hujitokeza baada ya msimu wa mvua, na mara nyingi aliyechimba huwa ameshaondoka.

Kuhusu kupima, mafundi wana fimbo ya chuma yenye ncha ya koni, ambayo hugongwa kwa nyundo ya kilo 8 inayoachiwa ianguke milimita 575, na mpimaji husoma imezama kiasi gani kwa kila pigo. Ikizama ghafla kwenye kina fulani, tabaka la kina hicho halikushindiliwa. Wewe omba kipimo hicho kifanyike ukiwapo, kabla ya lami kuwekwa. Na kama mtaro unakatisha njia ya malori ya korosho yaendayo bandarini, usikubali ufungwe bila kupimwa, kwani msimu wa korosho na mwanzo wa mvua huku kusini hukaribiana, na mtaro uliofukiwa Septemba huonja vyote viwili kabla ya mwaka kwisha.