Vikao Vitatu na Mtaalamu wa Saikolojia Mtandaoni, na Bado Uko Palepale

Msomaji mmoja ametuandikia akiwa amechoka. Ndani ya miezi minne kabadilisha kazi, kahama nyumba, kaachana na mchumba. Akatafuta mtaalamu wa saikolojia mtandaoni, akalipia vikao vitatu. Kila kikao anaeleza yaliyompata wiki ile, analia kidogo, mtaalamu anamsikiliza kwa upole, dakika 50 zinaisha. Kesho yake yuko palepale. Anauliza: aache?

Asiache kwanza. Alichopata mpaka sasa ni sikio, na sikio jema linatuliza, ila kazi yenyewe haijaanza. Mwanasaikolojia Edward Bordin aliandika mwaka 1979 kwamba ushirikiano wa mtaalamu na mteja unasimama juu ya mambo matatu: kukubaliana lengo, kukubaliana kazi za kulifikia, na kuaminiana. Ukisoma ujumbe wa msomaji huyu, lipo hilo la tatu tu.

Tuanze na lengo. "Nataka msongo wa mawazo upungue" ni kilio halali, lakini halipimiki. Ligeuze liwe kitu ambacho hata mtu unayeishi naye angekiona: niwe nimelala kabla ya saa 6 usiku, siku 5 kati ya 7; nifungue barua pepe za kazi bila kuzizungusha mpaka jioni. Malengo mawili yanatosha. Ukileta saba, kila wiki mtarukia jipya.

Kabla ya kikao kijacho, andika pia kila kilichobadilika maishani mwako katika miezi 12 iliyopita, mazuri yakiwemo. Madaktari wa magonjwa ya akili Thomas Holmes na Richard Rahe walitunga mwaka 1967 orodha ya matukio 43 ya maisha na kuyapa uzito: kufiwa na mwenza 100, talaka 73, ndoa 50. Ona ndoa ilipo. Mwili hauulizi kama badiliko ni la heri; unauliza ni mangapi ya kuzoea kwa mpigo. Orodha hiyo haipimi ugonjwa, lakini inamwondolea mtu aibu ya kulemewa na jambo ambalo wenzake wanampongeza nalo.

Kisha kipimo. Mwombe mtaalamu mtumie madodoso mawili mafupi. PHQ-9, la sonona, lina maswali 9 na jumla yake ni 0 hadi 27. GAD-7, la wasiwasi, lina maswali 7, jumla 0 hadi 21. Yote yanauliza kuhusu wiki 2 zilizopita, na hapo ndipo watu wanapokosea: wanajibu kwa hali ya leo. Ukijaza siku uliyogombana na mtu, alama zinapaa bure. Jaza siku ileile ya juma, saa ileile, kila baada ya wiki 2. PHQ-9 ikishuka kwa alama 5 au zaidi, kuna kitu kimebadilika kweli. Na kama swali la 9, la mawazo ya kufa au kujidhuru, umelijibu zaidi ya 0, mwambie mtaalamu kwa mdomo siku hiyohiyo. Usisubiri aligundue kwenye fomu.

Sasa kazi yenyewe, ambayo hufanyika zaidi kati ya kikao na kikao. Katika tiba inayoshughulikia mawazo na tabia, iliyoanzishwa na daktari wa magonjwa ya akili Aaron Beck miaka ya 1960 na ambayo kwa kawaida huchukua vikao 6 hadi 20, chombo kikuu ni jedwali la mawazo. Tuseme bosi amekuandikia jioni: "Tuonane kesho asubuhi." Andika tukio kama lilivyo, bila tafsiri. Hisia: woga, 80 kwa 100. Wazo: "Nafukuzwa kazi." Ushahidi unaoliunga mkono: kazi ya wiki jana ilichelewa. Ushahidi unaolipinga: wiki hii amenikabidhi kazi ya miezi miwili mbele. Wazo lenye uwiano: "Huenda ataniuliza kuhusu ucheleweshaji, na nina maelezo." Pima woga tena. Ukifika 50, zoezi limefanya kazi. Hakuna anayekudai ufike 0.

Makosa ni yaleyale. La kwanza, mtu anaandika wazo kwa swali: "Je, watanifukuza?" Swali halina ushahidi wa kulipinga, kwa hiyo ligeuze liwe kauli. La pili, anaweka hisia mahali pa wazo: "Nilijisikia vibaya." La tatu, ndilo linaloua zoezi zima, anajaza jedwali usiku wa kuamkia kikao kwa kukumbukia. Kumbukumbu ya siku sita imeshapoa na kujipanga. Jaza ndani ya saa moja tukio likiwa bado bichi, hata kwa mistari mitatu kwenye simu.

Kikaoni, sema jambo zito ndani ya dakika 10 za mwanzo. Wataalamu wanaijua sana tabia ya mteja kuzungumzia foleni na hali ya hewa, halafu zikibaki dakika tatu anasema, "Nimesahau, nimeanza kunywa tena." Hapo hakuna muda wa kulibeba. Andika sentensi moja kwenye karatasi, ibandike kando ya kamera, uanze nayo.

Chumba nacho kina sehemu yake. Funga mlango, weka redio au feni nje yake ili sauti isitoke, vaa spika za masikioni zenye waya. Ficha picha yako mwenyewe kwenye skrini, maana ukijitazama unaanza kujipanga uso badala ya kusema. Video nzuri ya kikao kizima inaweza kula megabaiti 450 na kupanda. Sauti pekee haifiki 50, kwa hiyo mkubaliane mapema kwamba mtandao ukiyumba mnazima video, na ukikatika nani anampigia nani. Baada ya kikao tenga dakika 15 za kutembea. Anayetoka ofisini kwa mtaalamu ana njia ya kurudi ya kumtuliza. Wewe ukifunga kompyuta unajikuta moja kwa moja kwenye vyombo na watoto.

Mtaalamu mwenyewe anatakiwa akupe namba yake ya usajili, aeleze ni lini atalazimika kuvunja usiri, na aulize uko wapi hasa na nani apigiwe likitokea la kutokea. Asiyeuliza mahali ulipo hana namna ya kukutumia msaada. Mwenye mpango wa kujiua, anayesikia sauti wasizosikia wengine, au anayeishi na mtu anayempiga na anayeweza kusimama mlangoni akasikiliza, huyo kikao cha mtandaoni peke yake hakimtoshi. Anahitaji huduma ya ana kwa ana, na hatari ikiwa ya papo hapo, namba ya dharura au hospitali iliyo karibu.

Kwa msomaji wetu: kikao cha nne kianze hivi. "Tumekutana mara tatu na sioni tunakoelekea. Naomba leo tuweke malengo mawili na zoezi la wiki." Mtaalamu mzuri atakushukuru, na mara nyingi kikao hicho ndicho kinachofungua mlango. Akijitetea, au akikubali halafu wiki inayofuata mkarudi kwenye masimulizi yaleyale, tafuta mwingine, na umwombe huyu muhtasari wa maandishi ili usianze upya. Mambo yakienda vizuri, msiachane ghafla: mkutane kila wiki 2, kisha mara moja kwa mwezi, na kikao cha mwisho mkiandike kwenye ukurasa mmoja. Dalili zako tatu za mwanzo, zoezi lililokusaidia zaidi, na alama ya PHQ-9 ambayo ukiifikia unapiga simu.