Miaka 5 na bado yuko kwenye pampasi

SWALI: Asalaam aleikum Shangazi. Mie ni mama wa hapa Wete, mwanangu wa kiume ana miaka 5 na spitali wametwambia ana usonji (autism). Maneno yake ni mawili matatu tu. Mpaka leo yuko kwenye pampasi, nikimpeleka chooni analia anaziba masikio anang'ang'ania mlango. Haja kubwa ndo balaa, ikimshika huenda kujibanza nyuma ya mlango wa chumbani, anasimama hapo mpaka amalize. Choo chetu kiko uani, cha kuchuchumaa. Mama mkwe anasema nimemdekeza, bakora mbili tatu ataacha. Mwakani nataka aanze skuli, nifanyeje?

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Nianze na hiyo nyuma ya mlango, maana hapo umenipa habari njema na wala hujajijua. Mtoto anaekwenda kujibanza anajua haja inakuja, anaizuia mpaka afike pahala pake ndo anaiachia. Hiyo kazi kubwa keshaifanya mwenyewe. Ilobaki ni kumhamisha pahala, na mtoto wa usonji humhamishi kwa siku moja, mazoea yake ndo amani yake.

Kwa hivo pampasi usimvue ghafla. Aende nayo huko huko nyuma ya mlango ila weka poti hapo, akishaizoea kuiona mkalishe juu yake na pampasi yake, hata dakika moja inatosha. Kisha poti isogee ukumbini, kisha uani, kisha chooni, na siku akikataa mrudishe pale alipokuwa anakubali wala usivunjike moyo. Wapo wazazi hukata tundu kwenye pampasi ili uchafu uangukie potini na yeye bado anaihisi kiunoni, nalo linasaidia.

Halafu ingia wewe humo chooni, ufunge mlango, uchuchumae kimya kidogo. Kuna giza? Sakafu ya baridi, majimaji? Dawa inanuka? Ile ndoo ikigonga saruji inalia vipi? Watoto wengi wa usonji sauti na harufu zinawaingia kwa nguvu kuliko sie, masikio hayo hayazibi bure. Tia taa, mvishe ndara, maji mwaga akishatoka yeye. Na poti iwe fupi miguu ikanyage chini, ikining'inia kusukuma kunakuwa tabu.

Siku 4 au 5 andika saa anazokojoa utauona mpango wake. Haja kubwa mara nyingi huja baada ya kula, basi mkalishe hapo, dakika 5 zisizidi. Piga picha kwa simu, suruali, poti, kuchamba, kunawa, uzibandike ukutani kwa mpango ule ule kila siku maana picha anaielewa kuliko maneno yetu. Akifanikiwa mpe pale pale kitu anachokipenda, kipande cha halua (Wete hamuikosi), na halua hiyo asiipate kwa jambo jengine.

Ila kabla ya yote, mavi yake yakoje? Kama ni magumu au anakaa siku 3 hajaenda, spitali kwanza. Yakigandamana ndani yale mepesi hupita pembeni yakachafua nguo, watu wakasema anafanya makusudi, na masikini hana habari. Maji mengi na papai vitamsaidia lakini dawa akuandikie daktari.

Bakora hapana mwanangu. Atazidi kujificha na kuibana, ikibanwa inakuwa ngumu, ikiwa ngumu inamuuma, na ikimuuma choo ndo hatokiingia tena. Mweleze mkwe wako hivyo hivyo kwa adabu, kisha mpe kazi. Neno liwe moja nyumba nzima, mkisema "choo" ni choo, asije mmoja akasema msalani mwengine uani. Na halua ishikwe na bibi, awe yeye ndo wa kumpa.