Maswali na Majibu: KB 48 zinazoikataa MPU

SWALI: Ndugu mhariri, kerneli yetu (kiini cha mfumo endeshi) inatumika kwenye bodi tatu za Cortex-M4, prosesa ndogo ya Arm. Kila bodi ina faili lake la thamani za MPU (kitengo cha prosesa kinacholinda kumbukumbu) zilizoandikwa kwa mkono. Tulipoipa programu KB 48 za RAM kuanzia 0x20004000, ilianguka na HardFault, kosa la jumla la prosesa. Tufanyeje ili bodi mpya isitulazimishe kuhesabu biti upya?

JIBU: Kwanza hitilafu. Katika ARMv7-M, usanifu wa Cortex-M4, ukubwa wa eneo la MPU huwa 2 kwa kipeo fulani, kuanzia baiti 32, na anwani ya mwanzo lazima igawanyike kwa ukubwa huo bila baki. KB 48 haimo. Kuweka KB 64 kwenye 0x20004000 nako ni kosa, tena prosesa haitawaonya. Wekeni KB 64 kuanzia 0x20000000. MPU huligawa eneo hilo vipande 8 vya KB 8. Zimeni viwili vya kwanza, yaani SRD (biti za kuzima vipande) iwe 0x03, na SIZE (ukubwa ni 2 kwa kipeo SIZE+1) iwe 15. Zinabaki KB 48 kamili, pale pale mlipotaka.

Hesabu hii ifanywe na fanksheni moja ya kerneli. Bodi itaje mwanzo, urefu na aina tu: msimbo, data au vifaa. Mwanzo na urefu vitoke kwenye alama za faili la linka (programu inayounganisha msimbo na kuupangia anwani), kwa sababu namba zilizonakiliwa husahaulika RAM ikipangwa upya. Ukaguzi nao uwekeni humo humo kwenye faili la linka kwa ASSERT, sharti lisipotimia ujenzi unakwama. Kompaila bado haijui anwani hizo. Aina ndiyo iamue ruhusa: msimbo hauandikwi, data na vifaa havitekelezwi.

Maeneo yakiingiliana, yenye namba kubwa ndiyo hushinda. Kwa hiyo kinga ya baiti 32 chini ya staki iwe namba 7. Mkiipa 0, eneo la RAM litaifunika na hamtajua. Washeni PRIVDEFENA (biti inayoiruhusu kerneli kutumia ramani ya kawaida ya kumbukumbu), la sivyo kerneli itajifungia nje, kisha tekelezeni DSB na ISB, amri zinazohakikisha mpangilio mpya umeanza kutumika.

Washeni pia biti 16 ya SHCSR (rejista ya kuwasha vishughulikia makosa), ama sivyo kila kosa la MPU litajitokeza kama HardFault. Someni CFSR, rejista ya sababu za kosa (0xE000ED28): biti 7 ikiwa 1, anwani iliyokosewa iko kwenye rejista ya MMFAR. Ikiwa 0, msiiamini MMFAR.

Mkihamia Cortex-M33, prosesa ya usanifu mpya zaidi, SRD haipo: eneo lina mwanzo na mwisho, kwa hatua za baiti 32. Maelezo ya bodi hayabadiliki, fanksheni tu. Ila huko kugusa anwani iliyo ndani ya maeneo mawili ni kosa, hivyo kinga ya staki ihamie PSPLIM, rejista ya kikomo cha staki.