Maswali ya Wasomaji: Rabai ilianza lini, na ina watu wangapi?

SWALI: Kwa Mhariri, salamu nyingi. Mimi ni mkazi wa Changamwe na asili yetu ni Rabai. Kijana wangu ametakiwa shuleni kuandika habari za mji wa wazee wake, historia yake na idadi ya watu wake. Mjomba wake amemwambia aandike kwamba mji huo ulianzishwa na wamishonari mwaka 1846, na kwamba una watu zaidi ya laki moja na elfu ishirini. Mimi kila nipandapo Rabai kuhani msiba naona kanisa, shule, maduka na minazi. Hiyo laki siioni. Nani kati yetu amepatia?
Mama wa Changamwe

JIBU: Mama, mjomba hakuizua tarakimu hiyo, ila ameibandika mahali pasipo pake. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 120,813 katika Kaunti Ndogo ya Rabai, iliyomo katika Kaunti ya Kilifi, na kaunti ndogo hiyo ni eneo pana lenye wadi nne, yaani Rabai/Kisurutini, Ruruma, Mwawesa na Kambe/Ribe. Wakambe na Waribe, ambao wana kaya zao (makao ya asili yaliyozungukwa na msitu) na wazee wao na hawajiiti Warabai hata kidogo, wote wamo ndani ya hesabu hiyo. Mji unaouona wewe, ukishapinda Mazeras na kushika barabara ya Kaloleni, ni sehemu ndogo tu ya eneo hilo.

Isitoshe, sensa ilimhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019. Wewe na kijana wako, ikiwa usiku huo mlilala Changamwe, mmo katika watu 1,208,333 wa Kaunti ya Mombasa, hata kama shamba, kaburi la babu na mnazi wa urithi viko Rabai. Kwa hiyo idadi ya watu wa mji, idadi ya wakazi wa kaunti ndogo na idadi ya Warabai popote walipo ni hesabu tatu tofauti, na mwalimu ana haki ya kumuuliza kijana anakusudia ipi.

Ama mwaka 1846, huo ni mwaka wa misheni, si wa mji. Johann Ludwig Krapf, mmishonari Mjerumani, alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huo huo akamzika mkewe Rosine pamoja na mtoto wao mchanga ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Alipojiunga naye mmishonari mwenzake Johannes Rebmann mwaka 1846, wawili hao walihamia Rabai mwezi wa Agosti, baada ya kuomba na kupewa ruhusa na wazee wa huko. Sasa kama hapakuwa na mji, wazee hao walitoka wapi? Warabai walikuwa na kaya zao msituni, zikiwemo Mudzi Muvya, Bomu na Fimboni, ambazo tangu mwaka 2008 zimo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda, yaani makabila tisa ya pwani, Warabai wakiwemo. Simulizi za asili yao hutaja Shungwaya, nchi ya kale upande wa kaskazini mwa pwani, na wapo wanaotaja Rombo kule Uchagani. Kijana aziandike zote mbili kama simulizi, asizipe mwaka.

Vitabu vya shule humaliza kurasa zote kwa safari za wamishonari hao: Rebmann alitoka Rabai akauona Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, na Krapf akauona Mlima Kenya mwaka 1849. Ni habari kubwa, lakini kwa anayeuliza juu ya watu wa Rabai hazimfai sana. Rebmann alikaa huko mpaka mwaka 1875, akarudi kwao akiwa kipofu, na kwa muda wote huo waliobatizwa walikuwa wachache mno.

Kilichobadilisha hesabu ya watu ni watoro, yaani watumwa waliowatoroka mabwana zao. Mwaka 1875 misheni ilifungua Freretown, upande wa Kisauni, kwa ajili ya watumwa waliookolewa na manowari za Kiingereza kutoka majahazini. Rabai nayo, iliyokuwa mbali kidogo na macho ya mabwana, ikawa kimbilio la waliotoroka mashambani. Mabwana hao wengi walikuwa watu wa mwambao huu huu wetu, jambo ambalo sisi wa Mombasa hupenda kulipita haraka. Aliyewapokea na kuwasimamia watoro kwa miaka mingi alikuwa William Jones, Myao aliyepata kuwa mtumwa, akasomeshwa India, na mwaka 1885 akawekwa wakfu kuwa shemasi pamoja na Ishmael Semler. Malalamiko ya mabwana yalizidi hadi George Mackenzie wa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki akasimamia malipo ya fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watoro wapatao 1,400 wakapewa hati zao za uhuru pale pale Rabai. Kwa mji wa mlimani wa wakati ule, hao si watu wachache, na vizazi vyao wangalipo huko, wamechanganyika na Warabai kwa ndoa na kwa ujirani.

Akitaka tarakimu ya mji wenyewe, kijana atafute juzuu ya pili ya ripoti ya sensa ya 2019, iliyotolewa na Shirika la Kitaifa la Takwimu, ambayo inashuka kutoka kaunti hadi kata na kata ndogo. Achukue kata ndogo zinazouzunguka mji, ajumlishe, kisha ataje majina yake ili msomaji ajue mpaka umewekwa wapi. Na safari ijayo ya kuhani mchukue mkapite katika makumbusho ya Krapf, yaliyomo katika jengo la kale la kanisa, ila mjomba naye asiachwe nyumbani.